Mama Jonah Hana Sanduku

…na ukurasa wa tisini na mbili ndio wa mwisho, baada yake ni uzi wa mshonaji tu na vipande vya karatasi vilivyobaki kama ufizi wa mtoto, kwa sababu kurasa zingine zilivutwa, Mwalimu Ephantus alituambia hivyo darasani na hakucheka, kwamba kuna mtu mzima mwenye akili zake alikosa karatasi ya kusokotea tumbaku akaona mwisho wa kitabu unamtosha, karatasi nyembamba, inashika moto vizuri, kwa hivyo mwisho wa yule mama wa kitabuni mwenye sanduku uko ndani ya kifua cha mtu fulani hapa Nakuru, umegeuka kikohozi… hapana, nisifike huko kwa kikohozi, leo ni Jumapili, saa nane ndiyo saa ya kuona wagonjwa na mimi sina kitu cha kupeleka, na debe langu ndio kwanza limeingia chini ya mfereji, maji yanatoka kama uzi, upepo umegeuka tena unatoka ziwani na lile vumbi lake jeupe la magadi, meno yanasaga hata ukifunga mdomo, mfereji mmoja kwa landi nzima ya reli, hizi nyumba za wafanyakazi, vyumba arobaini na nne, na mimi nimesimama hapa na kitabu usoni kama padri, nasoma ukurasa wa tisini na mbili mara ya ngapi sijui, kwa sababu nikiinua macho itabidi niwaone hawa wanawake watatu nyuma yangu wakiwa hawasemi kitu. Walikuwa wanasema. Nilipopinda pale kwenye kona ya vyoo nilimsikia Mama Obura akicheka, kicheko chake kinaanzia tumboni kinapanda polepole kama gari la mizigo kwenye mlima wa Mau, halafu mtu akasema shh, kicheko kikakatwa katikati, na nilipofika nikakuta wanawake watatu wenye heshima zao wanaangalia maji, hujambo Nabalayo, sijambo mama, mama yako je, anaendelea, ee, anaendelea, na Chepkosgei ambaye anafagia wadi ya mama na anamwona kila siku ya Mungu akaangalia kucha zake akasema ndiyo, anaendelea… anaendelea wapi, hakuna anayeniambia, kila mtu landi hii ana neno hilo moja la kunipa, ananipa haraka kama mtu anayetoa sahani kwa mkono mrefu. Na mfereji huu ulikuwa wa mama yangu, hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote, Nanyama wa Khisa wa chumba cha ishirini na saba, huyo hakuja hapa kuteka maji, maji yalikuwa ni sababu, akishafika nyumbani na debe kichwani anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anayamwaga yote nyuma ya nyumba kwenye sukuma wiki, ili arudi, maana alikuwa amemwacha mtu katikati ya maneno, na mimi nyuma yake nimeshika gauni lake, nikajua nani kahama kitanda cha nani kabla sijajua a, e, i, o, u, nikajua kwamba yule karani wa stesheni mwenye miwani hana ugonjwa wa macho, miwani ni ya kioo tu, alinunua ili aonekane, na mama akiniambia, Nabalayo, haya hayatoki hapa, huku yeye mwenyewe anaenda kuyatoa. Sasa mimi ndiye maneno. Mtu akiwa na mgonjwa wa kifua haambiwi la mtu, anakuwa yeye ndilo la watu, na hata ukimya wao naujua, nilikuwa ndani ya ukimya kama huo zamani, upande wa pili, nimeshika gauni, nikimwangalia mke wa mtu akiteka maji peke yake na sisi wote tukiangalia maji yake yakijaa.

Maji hayajafika hata mstari wa kwanza wa debe… huko shuleni ni hivyo hivyo, benchi la watu watatu nakaa peke yangu tangu Machi, wamenipa kikombe changu, kimetobolewa msumari kwenye mkono ili kijulikane, na hakuna aliyesema vibaya, Mwalimu Ephantus alisema ni usafi, akaniruhusu nichukue vitabu vya kabati siku yoyote, si Ijumaa peke yake, vitabu kumi na vinne, nimevimaliza vyote nimerudia, nasoma nikisonga ugali, ugali umeungua mara tatu wiki hii na baba hakusema kitu kwa sababu baba hakuwepo, baba yuko kwenye injini ya Eldoret anatupa makaa, namsikia kuliko ninavyomwona, dereva wake akipita hapa nyuma anapiga honi mbili fupi, hiyo ndiyo salamu ya baba, mbili fupi, na mimi ndani ya chumba nasema ndiyo baba kwa ukuta. Ndugu yangu mdogo alichukuliwa na shangazi kwenda Kimilili. Nikaachwa na vitabu, na jiko, na saa ya mezani ambayo imesimama saa kumi na dakika ishirini tangu mwaka jana, mama alikataza isiguswe, ati chuma kimekatika ndani, nikaigusa, nikalambwa kofi la kuona nyota, kwa hivyo asubuhi naamshwa na king'ora cha karakana na nikipitiwa na usingizi nachelewa, na nikichelewa hakuna anayenichapa, hiyo nayo, hata fimbo wamenipunguzia, mtihani ni wiki saba zijazo na hakuna mtu wa kunichapa.

Na yote haya ya kusema uongo yalianza na uji. Jumapili ya kwanza nilimpelekea uji wa wimbi kwa mkebe, watoto hawaingii wadi ile, unasimama nje kwenye maua, mgonjwa analetewa kiti mpaka dirishani, kati yenu kuna wavu wa waya kama wa kabati la nyama, na mama akauangalia mkebe wangu akasema uji wanatupa, leta maneno. Maneno gani, mayi? Ya mfereji, akasema, nimekaa hapa siku tisa, Mama Obura amefanya nini? Na mimi sikuwa na kitu, nilikuwa nimekwenda mfereji siku tisa nimerudi na maji matupu, uso wake pale nyuma ya waya umekuwa mdogo, macho yamebaki makubwa yale yale, yananingoja, basi nikafungua mdomo, ikatoka hadithi ya yule mwizi wa kengele kwenye kitabu cha darasa la sita, lakini mwizi nikamvalisha suruali ya Kimaiyo, mnyapara wa karakana, nikamweka juu ya paa la kanisa usiku na kengele imemfunika kichwa, mama alicheka mpaka kikohozi kikaja, sista akatoka akaninyooshea kidole, na mama akanifanyia ishara na mkono nyuma ya sista, endelea, endelea. Hivyo nikaendelea. Jumapili baada ya Jumapili nikawatoa watu vitabuni nikawapangisha landi, yule mfalme mchoyo akawa mwenye duka, wale dada wawili waliogombea kioo wakawa mabinti wa karani wa miwani, mpaka nikafika kitabu hiki, na mama mmoja wa nchi ya baridi ambaye ana sanduku chini ya kitanda, kila jioni anafunga mlango, anafungua sanduku, anasema nalo, analifunga, na hakuna ajuaye kuna nini ndani. Nikampa Mama Jonah, jirani yetu wa chumba cha tisa, hadithi hiyo. Mungu anisamehe, nilimpa Mama Jonah kwa sababu ni mpole na hagombani na mtu, na kwa kuwa sikuwa na sanduku lingine kichwani nikampa na sanduku letu, lile la mama mwenyewe, la bati, la bluu, na kufuli la duka la Mhindi lenye kichwa cha simba, ambalo liko chini ya kitanda chetu na sijawahi kuliona wazi. Mama akasogelea wavu. Na ndani kuna nini? Sijui, mayi, nikataka kusema, kurasa zimevutwa, lakini nikasema, Jumapili ijayo. Akaweka kidole chake kwenye waya, kikatokea kidogo upande wangu, kucha nyeupe, akasema, "Usiniache hapo, Nabalayo. Mtu haachwi hapo." Nikamwacha. Jumapili iliyofuata kiti kilikuwa dirishani na hakuna mtu juu yake, sista akasema amelala, na Jumapili iliyopita hata kiti hakikuwepo, amelala, nikasimama kwenye yale maua na kitabu chini ya kwapa mpaka kengele, na nikitembea kurudi nilikuwa nahesabu, mtu akifa wanakaa siku ngapi kabla ya kumwambia mtoto, wanamngoja baba arudi na gari, wanasema anaendelea…

…"sanduku, chini ya kitanda, nakuambia, na analiongelesha."

Nani. Nani kasema hivyo. Ni Mama Obura, nyuma yangu, kwa ile sauti ya chini inayofika mpaka stesheni, wamenisahau, wanawake hawa wana imani moja ambayo mama yangu aliwapa, kwamba mtu akisoma masikio yake yanafungwa, mama aliwaambia hivyo makusudi ili niwe nakaa karibu na kitabu na wao waseme… sanduku, kasema sanduku, ni yangu hiyo, ni ile ile, imetoka wapi, nilimwambia mtu mmoja tu duniani kupitia wavu, na Mama Jonah mwenyewe ndiye huyu anayenifuata kwenye foleni, mtoto mgongoni, nasikia mtoto anavyopumua kwa pua iliyoziba, sasa watalitaja jina lake, litatajwa hapa mfereji mbele yake, atauliza nani kasema, watauliza na kuuliza mpaka wafike dirishani kwa mtu asiyeweza hata kukaa kitini, na watamwambia mtoto wako ni mwongo, nigeuke, niseme ni mimi, debe halijafika nusu, siwezi hata kuondoka, geuza ukurasa, Nabalayo, msomaji hugeuza ukurasa, lakini hakuna ukurasa… "Huyo mtu ni nani?" Ni Mama Jonah anauliza, sauti yake ile ya upole, na mimi nimefunga macho.

"Mtu tu. Wa landi za Eldoret," Chepkosgei akasema. "Humjui."

Wa Eldoret. Wa Eldoret, jina limeoshwa, mimi sikuliosha, nilisema Mama Jonah, nilisema chumba cha tisa, kwa hivyo aliyeliosha ni mwenye kulipokea, ngoja, ngoja kwanza, Mama Jonah hana sanduku… Mama Jonah alipohamia hapa alishuka kwenye gari na vikapu viwili na kigoda, na aliyembebea kikapu kimoja kutoka stesheni, na njiani akakichungulia mpaka chini, ni Nanyama wa Khisa, mama yangu anajua kila sufuria ya chumba cha tisa, alijua siku ile ile, alijua kabla sijafunga mdomo, na Kimaiyo pia, Kimaiyo mwezi ule alikuwa likizo kwao, hakuwa Nakuru aibe kengele ya mtu, alijua, zote alijua, alikaa pale akanisikiliza nikimdanganya Jumapili baada ya Jumapili na kunifanyia mkono, endelea. Na Chepkosgei anasema, wadi nzima inaicheka tangu Alhamisi, hata wale wasioweza kucheka wanagonga kitanda… Alhamisi. Alhamisi ni juzi ile, Alhamisi nilikuwa darasani kwenye hesabu za sehemu na yeye alikuwa anasema, alikuwa na pumzi ya kutosha hadithi nzima, sasa maji haya yanayonirukia miguuni ni ya moto au ya baridi sijui, Alhamisi alikuwepo.

Mama Obura anasema ndani kulikuwa na chatu, mwanamke ana chatu wa mali, anamlisha maziwa, yeye alisikia hivyo kwa mke wa seremala, na Chepkosgei anamcheka, chatu gani, mama, wewe umepewa ya mtaani, mimi nimeipata penyewe, chatu hakuna, kwanza ufunguo ulitafutwa sana, watoto wake walitafuta kwenye unga, kwenye godoro, hata kwenye nywele zake akisinzia, kumbe yule mwanamke alikuwa ameuweka ndani ya saa. Saa gani? Ya mezani, iliyokufa, iko juu ya kabati, aliwaambia watoto msiguse, ni mbovu, na mmoja alipoigusa akampiga kofi, kumbe saa haina ubovu wowote, ufunguo ndio unazuia meno yake yasitembee…

Saa kumi na dakika ishirini. Naiona kabisa, nimeipangusa vumbi jana, nilizunguka mgongo wake na kitambaa, kwa uangalifu, kwa sababu ya lile kofi. Mama, ulikuwa na mkono mzito… na kwa nini hakumtuma Chepkosgei tu, aseme mwambie mtoto wangu ufunguo uko mahali fulani, lakini Chepkosgei, tumpende tu, angefika kwenye saa kabla hajafika kwangu, na baba angesikia, na landi yote ingejua kwamba Nanyama ameonyesha ufunguo wake ulipo, na mtu anaonyesha lini ufunguo wake ulipo, haonyeshi akiwa na mpango wa kurudi kufungua mwenyewe. Hilo ndilo hawakuniambia kwa lile neno lao, anaendelea. Ameniambia yeye. Ameipitisha kwenye vinywa vya watu wazima watatu ambao hawajui wamebeba nini, na imefika kwenye mgongo wangu hapa mfereji ambapo alijua nitakuwa, Jumapili asubuhi, na kitabu, nikijifanya kiziwi alivyonifundisha.

"Na ndani sasa?" Mama Jonah tena, mtu ambaye haulizi mambo ya watu. "Usituache hapo."

Gauni, Chepkosgei anasema. Na Mama Obura, gauni, yote hayo ni gauni? Gauni la shule, la bluu, mama, la shule ile kubwa ya kulala huko huko, la binti yake, na lilikuwa kubwa, binti mwenyewe bado mdogo, ndio alikuwa akiliongelesha kila jioni, analishika hivi mbele ya kifua chake anauliza, sasa umefika wapi, umefika hapa au hapa, maana watoto wanakua na yeye alikuwa hana uhakika atakuwa wapi wakati huo, kwa hivyo pindo la chini alilikunja ndani vidole vinne, vinne vizima, likunjuliwe kidogo kidogo kila mwaka, na mahali alipoachia alichoma sindano kwenye nguo, na uzi ndani yake tayari, ili hata asipokuwepo wa kulikunjua… na hapo Chepkosgei akanyamaza, kwa sababu sasa hivi tu, naisikia hiyo, sasa hivi tu amekumbuka nani yuko mbele na debe. Wanaangalia maji yangu. Maji yamevuka nusu, uzi ule ule, unaimba sauti nyembamba zaidi kadiri debe linavyojaa, na vumbi linatua juu yake kama unga, na siku ile gari la hospitali lilipomchukua alinisimamisha pale mlangoni akaniweka kando yake akasema ngoja, kichwa changu kilikuwa begani kwake, akaniwekea kiganja juu ya kichwa akapeleka kiganja begani kwake, mara mbili, nikadhani ananibariki. Alikuwa anapima. Sasa kitini nyuma ya waya hawezi kupima, miezi saba, mimi nimekua na yeye hajui vidole vingapi, ndio swali hilo, limetoka wadi limepita kwa Chepkosgei likaja mpaka hapa, umefika wapi, na Chepkosgei anaingia zamu saa sita, kabla yangu, kabla ya kengele, na kama leo kiti hakitakuwepo tena dirishani… usoni kwangu kuna maji ya mfereji. Nimefunga kitabu. Sijawahi kufunga kitabu hapa mfereji, wameshtuka kama nimefyatua bunduki, na nimegeuka, na sauti yangu imetoka nzima kuliko nilivyotegemea, ya mtu mwenye maneno.

"Mimi nimesikia imeendelea."

Mama Obura anamwangalia Chepkosgei, Chepkosgei anaangalia kucha, lakini sikio lake moja limeinuka, namjua, alikuwa mwanafunzi wa mama yangu hapa hapa. Imeendeleaje, anauliza, kama hataki.

"Yule binti ameshajua mambo ya ile saa," nikasema. "Lakini hajaigusa. Anangoja mwenye gauni aje ampimie mwenyewe. Na wanasema, kama anataka kujua leo, binti amemfikia mama yake kwenye sikio."

Hakuna aliyesema anaendelea. Mama Jonah amenitazama kwa macho ya mtu aliyeelewa sanduku hilo ni la nani, halafu akapandisha mtoto mgongoni, akasogea karibu yangu, bega lake kwenye bega langu, joto, watu hawasimami karibu hivi na mimi tangu Machi, akaangalia pamoja nami debe ambalo bado, bado halijajaa.

"Nani amekuambia?" Chepkosgei akauliza.

"Watu," nikasema. "Watu wanasema."

Na nikarudi kwenye ukurasa wa tisini na mbili, nikajifanya kiziwi, honi ya mbali huko Njoro haijawa mbili fupi, ni moja ndefu tu ya gari la mtu mwingine, na kwa kona ya jicho namwona Chepkosgei amekaa juu ya debe lake lililopinduliwa, kichwa kimeinama, midomo inatembea polepole bila sauti, amemfikia kwenye sikio, amemfikia kwenye sikio, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyepewa shairi na anaogopa lisije likaanguka njiani.